Jinsi ya Kuibiwa Mechi na Refa Ukiwa Umekaa Sebuleni

Ndugu shabiki, wengi wanaoingia kwenye fani hii hukosea mapema: wanangoja mechi ianze ndipo wamshuku refa. Ligi ya NBA hutangaza majina ya marefa watatu wa kila mechi asubuhi ya siku yenyewe, saa tatu kwa saa za New York. Msimu wa mtoano hiyo ni saa kumi jioni kwa mtu wa Dar es Salaam au Nairobi, na mechi ya fainali kwa kawaida huanza saa tisa na nusu usiku. Una saa kumi na moja na nusu za kujikusanyia hasira. Atakayewasha runinga hajui hata jina la refa mmoja asije kulialia alfajiri.

Ukishapata majina, tafuta uhasama. Bora uliopo sokoni ni wa refa Scott Foster na mchezaji Chris Paul. Paul alipoteza mechi 13 mfululizo za mtoano ambazo Foster alikuwa miongoni mwa marefa, akihama timu na mkosi ukihama naye, mpaka ulipokatika mwaka 2023. Novemba ya mwaka huohuo, Paul akiwa na Golden State, Foster akamtoa nje kwa faulo mbili za kiufundi. Ushahidi huo umekamilika, usiuharibu kwa maswali ya kizembe. Usiulize wapinzani wa Paul katika mechi hizo walikuwa akina nani. Usiulize wale marefa wengine wawili walikuwa wanafanya nini muda wote huo. Na usikumbuke kwamba refa anayeaminiwa na ligi ndiye anayepangiwa mechi ngumu, na mechi ngumu ndizo watu huzipoteza.

Kisha hesabu. Kitu cha kuhesabu ni kimoja tu, mitupo huru, na mechi ya kujifunzia ni ya sita ya fainali ya Kanda ya Magharibi, 31 Mei 2002, Los Angeles Lakers na Sacramento Kings. Kings walikuwa mbele kwa ushindi tatu kwa mbili, wamebakiza mmoja waingie fainali. Robo ya nne Lakers wakapewa mitupo huru 27. Kings, kwa robo zote nne, walipata 25. Vlade Divac na Scot Pollard wa Kings, ambao kazi yao usiku ule ilikuwa kumzuia Shaquille O'Neal, wote wawili walimaliza faulo zao sita na kwenda kukaa. Karibu na mwisho Kobe Bryant wa Lakers alimpiga Mike Bibby wa Kings kiwiko cha pua, damu ikatoka, filimbi ya kumwadhibu Kobe isilie. Lakers wakashinda 106 kwa 102. Ralph Nader, aliyekuwa amegombea urais wa Marekani miaka miwili kabla, alimwandikia kamishna wa ligi, David Stern, barua kuilalamikia mechi hiyo. Ukiona mgombea urais anaandika barua juu ya mpira wa kikapu, ujue umeshika kesi nzuri.

Mechi ya saba usiitaje kabisa. Ilichezwa Sacramento, mbele ya watu wao, Kings wakapewa mitupo huru 30 na kufunga 16. Wakafungwa 112 kwa 106 katika muda wa nyongeza. Mtupo huru mtu anasimama peke yake, hakuna anayemgusa, hakuna anayempulizia. Mwenzako akikukumbusha namba hizo, muulize tu alianza lini kushabikia Lakers.

Fainali ya 2006 nayo ihifadhi kwa dharura. Katika mechi ya tano Dwyane Wade wa Miami alipiga mitupo huru 25, sawasawa na timu nzima ya Dallas Mavericks, na Miami wakashinda kwa pointi moja. Kwamba Wade alikuwa akiingia ndani ya boksi kila akipata mpira, na anayeingia kwenye msitu wa watu warefu ndiye hugongwa, hilo ni neno la kiufundi. Waachie makocha.

Sasa tuje kwenye picha, maana hapa ndipo fani inapokolea. Zamani shabiki alilalamika kwa kumbukumbu. Siku hizi una marudio ya polepole, unasimamisha pale mkono unapougusa mkono, unalivuta lile tukio mpaka linakuwa kubwa kuliko mechi. Refa analiona mara moja, kwa kasi yake, huku mwili wa mtu wa mita mbili umemziba. Wewe unaliona mara arobaini ukiwa umelala kwenye kochi. Matokeo yake ni kwamba wewe unajua zaidi, na huo ni ukweli ambao hauna haja ya kuuonea aibu.

Bingwa wa njia hii ni Patrick Beverley, enzi zake akiwa Lakers. Tarehe 28 Januari 2023, Lakers wako Boston, ubao unasoma 105 kwa 105, LeBron James anaingia kufunga kikapu cha ushindi, na Jayson Tatum wa Boston anampiga mkono. Haikupulizwa. LeBron alianguka sakafuni kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Beverley yeye hakulia. Alichukua kamera ya mpigapicha aliyekuwa kando ya uwanja, akamwendea refa kumwonyesha ushahidi. Alipewa faulo ya kiufundi. Boston wakaanza muda wa nyongeza kwa mtupo huru wa bure, na wakashinda 125 kwa 121. Baadaye chama cha marefa kiliandika hadharani kwamba wamekosea, tena kwamba kosa lile litawanyima usingizi. Kwa hiyo Beverley alikuwa sahihi, alikuwa na picha, na alilipa. Wewe ukiwa na picha baki nayo nyumbani.

(Kama wewe ni wa Boston, kwako aya iliyotangulia haipo. Usiku ule refa aliuacha mchezo uendelee, kama marefa wa zamani walivyokuwa wakifanya.)

Tangu Machi 2015 ligi yenyewe imekuwa ikikurahisishia kazi. Mechi ikiwa ya kubanana mwishoni, kesho yake hutolewa ripoti ya dakika mbili za mwisho, tukio kwa tukio, lililopulizwa vizuri na lililokosewa. Matokeo hayabadiliki hata ripoti ikisema nini, ila hilo lisikukere. Isome hivi: ikikubaliana nawe, hata ligi imekiri, ikikupinga, ni kesi ya ngedere kupelekewa nyani.

Kuhusu kusema hadharani, shukuru Mungu kwamba hujaajiriwa na timu yoyote. Mark Cuban, aliyekuwa mwenye Dallas Mavericks, Januari 2002 alisema mkuu wa marefa hamwamini hata kumpa duka la aiskrimu la Dairy Queen alisimamie. Alitozwa dola 500,000, kisha akaenda kushinda siku nzima kwenye duka mojawapo huko Texas akiwauzia watu aiskrimu, kwa sababu kampuni nayo iliona imeguswa. Machi 2024 Rudy Gobert wa Minnesota, akiwa ameshatolewa kwa faulo sita, aliwaonyesha marefa ishara ya kuhesabu noti. Alipigwa faulo ya kiufundi timu yake ikiongoza kwa pointi moja. Cleveland wakasawazisha kwa mtupo ule, wakashinda katika muda wa nyongeza, na Gobert akatozwa dola 100,000. Wewe unaweza kuhesabu noti za hewani usiku kucha na hakuna atakayekudai.

Mpaka hapa umeiva, isipokuwa kuna jina moja litakalokusumbua, nalo ni Tim Donaghy. Wanafunzi wengi hulikimbilia kwa furaha: si mnaona, refa aliyekula hela alikuwepo! Alikuwepo kweli. Alipuliza filimbi misimu 13, akawa anacheza kamari kwenye mechi alizozichezesha mwenyewe na kuwapa watu siri kwa malipo, na mwaka 2008 alihukumiwa kifungo cha miezi 15. Shida ni namna alivyopatikana. FBI walimfikia wakiwa wanachunguza mafia wa ukoo wa Gambino. Hakupatikana kwa mtu aliyesimamisha picha, wala kwa mtu aliyehesabu mitupo huru.

Na mwaka wenyewe aliokamatwa, macho ya mashabiki yalikuwa wapi? Yalikuwa kwa refa mwingine, Joey Crawford. Aprili 2007 Crawford alimtoa nje mchezaji Tim Duncan aliyekuwa amekaa benchi akicheka. Mtu ametolewa kwa kucheka. Ligi ikamfungia Crawford mpaka msimu ukaisha. Wakati dunia nzima inamzomea refa mwenye hasira, Donaghy alikuwa akiendelea na kazi yake kimyakimya, akizomewa kiasi kilekile wanachozomewa wenzake wote. Kelele za miaka 13 hazikumbagua mwizi na asiye mwizi. Hili usilichunguze sana, litakupunguzia nguvu za kupiga kelele.

Wachumi nao waepuke. Joseph Price na Justin Wolfers walipitia misimu 13 ya ligi na kukuta kwamba wachezaji hupulizwa faulo zaidi kidogo pale marefa wanapokuwa wa rangi tofauti na yao. Ulikuwa upendeleo wa kweli, usio na hongo wala simu ya usiku, mdogo kiasi kwamba hauonekani katika mechi moja hata uirudie mara mia. Habari zake zilipoenea mwaka 2007, upendeleo ule ukatoweka katika misimu iliyofuata. Hilo nalo walilipima. Lakini takwimu za maelfu ya mechi hazisemi chochote kuhusu faulo ya jana usiku, sasa zina faida gani?

Labda moja. Mechi 13 za Paul. Misimu 13 ya Donaghy. Misimu 13 ya hao wachumi. Mara tatu, ndugu yangu, na uwanjani marefa ni wangapi? Watatu. Itume kwenye kundi la WhatsApp sasa hivi, kabla mechi haijaanza.