Sifa za Programu Kongwe Isiyofunguliwa

Wahenga walituasa tusitupe mbachao kwa msala upitao, na hakuna aliyenufaika na wosia huo kama programu kongwe iliyojibanza ndani ya kompyuta ya nyumbani. Haijafunguliwa tangu kifungua mimba aanze darasa la kwanza. Sasa anatafuta chuo. Kila ikijadiliwa kuondolewa, hatakosekana mtu wa kusema, “Iache, huenda ikahitajika.” Mafundi wameisema vibaya vya kutosha. Leo naomba nafasi niisifu.

Kwanza, uchapakazi wake. Kompyuta ikiwashwa asubuhi, yenyewe huwa imeshaamka, imejipatia nafasi kwenye kona ya chini ya skrini, na imeanza kuulizia mtandaoni kama kuna toleo jipya, kwa bando lako. Kompyuta ikiganda tunaulaumu umeme, tunaulaumu mtandao, tunamlaumu fundi aliyepiga Windows mwaka jana. Yenyewe imenyamaza kimya, kama kawaida ya mtenda wema asiyetaka kutajwa.

Pili, subira. WinRAR, programu ya kubana na kufungua mafaili, hutolewa kwa majaribio ya siku 40. Siku za mwizi ni arobaini, lakini WinRAR haijaisikia methali hiyo: siku ya 41 hukukumbusha kwa adabu kwamba leseni inauzwa, kisha hukufungulia faili lako kama jana. Mdai wa namna hii utampata wapi mtaani kwako?

Tatu, ukarimu usio na mipaka. Mwaka 2019 watafiti wa kampuni ya usalama ya Check Point walitangaza kwamba ndani ya WinRAR mlikuwa na kasoro iliyodumu takriban miaka 19, katika kijisehemu cha kufungulia mafaili ya aina ya ACE, ambayo hata wakati huo yalikuwa nadra kuonekana. Faili lililotengenezwa kwa hila liliweza kupenyeza programu hasidi mahali ambapo ingejiwasha pamoja na kompyuta. Toleo jipya lilitolewa, kijisehemu hicho kikaondolewa. Ila WinRAR haikuwa na kawaida ya kujisasisha yenyewe, kwa hiyo aliyeisahau aliendelea kukaribisha wageni bila hodi.

Flash Player nayo haikuwa bahili. Kwa miaka mingi ilituchezea video na michezo ya watoto, na kupitia matundu yake wadukuzi nao wakapata riziki. Adobe iliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia 12 Januari 2021 ikaizuia isicheze chochote. Adobe wenyewe, waliokuwa wakiimiliki, walituomba tuiondoe kwenye kompyuta zetu. Wengi tulijibu kwamba suala bado liko kwenye kikao cha familia.

Nne, elimu. Microsoft iliitoa ensaiklopidia ya Encarta mwaka 1993 na kuifunga mwaka 2009. Aliyebaki nayo anaishi katika dunia tulivu: Sudan ingali nchi kubwa kuliko zote barani Afrika, na Sudan Kusini, iliyopata uhuru Julai 2011, haijafika kumsumbua mtu. Kando yake yupo Mavis Beacon, mwalimu wa ndani ya programu, anayefundisha watu kuchapa tangu 1987. Kwa kuwa hakuwahi kuwa mtu halisi, hadai pensheni. Na chini kabisa ya orodha ipo programu ya kuchoma CD, imetulia ndani ya kompyuta isiyo na mahali pa kuingizia CD. Huo ndio uvumilivu wa kungoja zama zirudi.

Tano, haiagi kwa pupa. Ukifuta alama yake kwenye skrini, umefuta kibao cha mlangoni tu. Mwenyewe yumo ndani, na huduma zake zinaendelea. Hata ukiiondoa rasmi, mara nyingi huacha mafolda matupu na maandishi yake ndani ya rejista ya Windows, ili wajukuu wajue kwamba iliwahi kuishi hapa.

Wapinzani husema inajaza diski. Hapo wanaionea. Programu ya MB 50 katika diski ya GB 500 inachukua sehemu moja ya elfu kumi; picha za harusi moja tu zinaweza kuizidi mara nyingi. Zaidi ya hayo, wapo wakongwe wanaostahili sifa bila kejeli. Toleo la mwisho la PageMaker, programu ya kupangia kurasa, la saba, lilitoka 2001. Mwenye steshenari aliyepanga kadi za michango na ratiba za mazishi kwa programu hiyo akiifuta leo, kesho atabaki na mafaili ambayo Word haiyafungui. Programu yake aliipakia kwa dakika chache. Kazi iliyomo ndani ya mafaili yale ilimchukua miaka.

Kwa hiyo, msomaji, ukikaa kuihukumu usiulize umri wala uzito. Uliza mawili. Je, kuna faili langu ambalo ni hii tu inayoweza kulifungua? Na je, inapokea chochote kitokacho nje, kutoka mtandaoni, kwenye barua pepe au kwenye flashi ya jirani? Iliyoshika mafaili yako, iache hadi uyahamishie kwenye PDF au aina nyingine inayofunguka popote, kisha iage kwa heshima. Inayopokea vya nje huku watengenezaji wameacha kuirekebisha, iondoe leo hii, tena kupitia orodha ya programu kwenye mipangilio, si kwa kufuta alama. Zisizo na faili wala mlango unaweza kuziacha. Zizime tu zisijiwashe zenyewe. Encarta inaweza kusamehewa, na Mavis Beacon pia. Flash Player haina haki ya kukata rufaa.