Safu ya Mshauri: Nyumba Iliyopakwa Rangi Juzi

Ukaguzi wa nyumba ni kazi ya kuitazama nyumba kwa jicho la mtu asiyeitaka. Mnunuzi haiwezi kazi hiyo, maana akishaingia sebuleni tu ameshapanga kochi likae wapi na mama mkwe alale chumba kipi. Muuzaji naye haiwezi, kwa kuwa ndiye aliyenunua ndoo ya rangi. Dalali ndiyo kabisa. Hubaki mtu wa nne, ambaye ujira wake ni uleule nyumba iuzwe isiuzwe, na ambaye kwa hiyo anaweza kupanda darini, akashuka na utando wa buibui kichwani, akasema bila haya kwamba kenchi zimeliwa.

Barua tatu zimeifikia safu hii kuhusu jambo hilo. Msomaji wa Tabata ameambiwa na dalali atoe arubuni kabla ya Ijumaa, la sivyo nyumba inachukuliwa na "mtu wa Dubai". Msomaji wa Kigamboni ameona ufa. Msomaji wa Mbagala ana shemeji fundi, mwenye gololi, anayetaka kuikagua nyumba bure. Ukurasa wa pili wa barua yake umelowa na hausomeki, kwa sababu isiyohusiana na posta. Zote zinaanza na "Shikamoo Mshauri", ile ya Kigamboni mara mbili, na Mshauri aliziitikia kwa sauti ingawa alikuwa peke yake mezani.

Wakaguzi wako wa aina tatu. Marekani ni kazi kamili yenye chama chake tangu 1976, na mnunuzi wa huko huweka sharti katika mkataba: ukaguzi ukiibua kasoro kubwa, bei ijadiliwe upya au yeye ajitoe. Tanzania kazi hiyo hufanywa na mhandisi wa majengo aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, au na mbunifu majengo. Wasichanganywe na mthamini, ambaye benki humtaka kabla ya kutoa mkopo. Mthamini huandika nyumba ina thamani ya shilingi ngapi. Kugonga kuta na kufukua chemba si kazi yake, na wanunuzi wengi hulijua hilo wakiwa wameshahamia. Aina ya tatu ni Mshauri, ambaye hakusajiliwa na bodi yoyote kwa kuwa, kama anavyoeleza mwenyewe, bodi bado hazijafikia kiwango cha kumsajili.

Ukaguzi huanzia chini. Nyufa ndogondogo zilizotandaa juu ya plasta kama wavu wa dagaa kwa kawaida huonyesha tu kwamba plasta ilikauka upesi, fundi akiwa ameenda kula. Ufa wa kuogopwa ni ule unaotoka kwenye kona ya dirisha ukashuka mshazari, ukifuata maungio ya tofali hatua kwa hatua kama ngazi; huo ni msingi uliokaa upande. Mshauri aliwahi kutambua ufa wa namna hiyo huko Sinza akiwa amefumba macho, na waliokuwepo wanakumbuka jinsi alivyougonga ukuta mara tatu na jirani wa upande wa pili akajibu "karibu". Watu wa kawaida hutumia njia ndogo zaidi. Kipande cha kioo chembamba hubandikwa kwa saruji kukatiza ufa, na tarehe ikaandikwa pembeni kwa penseli. Kioo kikipasuka baada ya wiki kadhaa, nyumba bado inatembea. Muuzaji anayekataa kioo kibandikwe amekwisha kujibu swali.

Kwa nyumba za pwani kuna jambo la ziada, nalo ni chumvi. Zege lililochanganywa kwa mchanga wa ufukweni huingia na chumvi yake, na chumvi huharakisha kutu kwenye nondo. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo, kwa hiyo nondo huvimba ndani, zege hupasuka kwa mstari ulionyooka kufuata nondo yenyewe, kisha humeguka. Mkaguzi hutafuta doa la rangi ya chai chini ya lenta na kwenye nguzo za baraza. Mshauri hulamba ukuta. Ameulamba wa Msasani, wa Kunduchi na wa Bagamoyo, na anadai anaweza kutaja kata kwa ladha. Daktari wake ana maoni tofauti, lakini daktari huyo hajawahi kuandika safu.

Paa ndiko wanunuzi wasikofika, na ndiko penye habari. Darini mkaguzi huchoma mbao za kenchi na papi kwa bisibisi. Ikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, mchwa wameshahamia. Vijia vya udongo vyembamba vinavyopanda ukutani kutoka kwenye jamvi ni barabara zao. Mkaguzi hutazama pia kama bati linapitisha mwanga, na hupima unene wake, jambo linalogombanisha watu kwa sababu geji hukua kinyumenyume: bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30. Tanki la lita 1,000 likijaa lina uzito wa tani moja, na si kila ukuta uliobebeshwa tanki ulijengwa kwa nia hiyo. Katika kipengele hiki Mshauri ana uzoefu usio na mfano. Hupanda mwenyewe, kwa viatu vya ofisini, na mara ya mwisho alishuka kwa njia ambayo haikupangwa, kupitia jipsamu, akatua katikati ya familia iliyokuwa ikipata futari. Alikaribishwa uji. Aliusifu uji, akatoa maelezo ya nusu saa kuhusu jipsamu.

Umeme na maji vinapimwa kwa kutumiwa, na hapo hapana siri kubwa: soketi zipimwe kama zina ethi, swichi kuu ifunguliwe ionekane kama nyaya zimeungua, mabomba yote yafunguliwe kwa pamoja ili presha ijulikane. Kwa maji taka, mkaguzi hufungua chemba na kutazama kama yanatembea au yamelala. Mshauri haridhiki na kipimo hicho. Kwa maoni yake mnunuzi aitishe kikao cha kamati ya harusi ndani ya nyumba anayotaka kuinunua, wajumbe 40, walishwe maharage, kisha saa tatu usiku wote wahitaji choo. Asipopatikana wa kuoa wala wa kuolewa, aoe mnunuzi mwenyewe. Gharama ni kubwa, lakini shimo litakuwa limepimwa.

Kuhusu mafuriko, kiangazi hudanganya. Nyumba ya Dar es Salaam inayotazamwa Agosti ni bwana harusi. Itazamwe masika, kati ya Machi na Mei. Asiyeweza kusubiri azunguke nyuma, ambako rangi mpya mara nyingi haikufika, atafute mstari wa tope uliokauka ukutani, kisha awaamkie majirani. Bibi anayekaanga vitumbua mlango wa tatu anajua maji ya bonde la Msimbazi hufika wapi kuliko ramani yoyote. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 nayo inakataza ujenzi ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au bahari. Nyumba iliyo ndani ya mita hizo, au ndani ya hifadhi ya barabara, huweza kuchorwa X nyekundu. Rangi ya krimu mikono miwili huifuta X hiyo mchana. Jioni, jua likilala na mwanga ukipita ukutani kwa ubavu, herufi hurudi polepole, kama kovu chini ya poda. Mshauri aliiona moja hivyo akiwa amesimama na muuzaji, na wote wawili wakaanza kuzungumzia mpira.

Karatasi ni ukaguzi wa pembeni: upekuzi kwa Msajili wa Hati, miaka iliyobaki katika hati iliyotolewa kwa miaka 33, 66 au 99, kibali cha ujenzi, na ridhaa ya mwenzi wa ndoa, ambayo Sheria ya Ndoa ya 1971 inaitaka kwa nyumba ya wanandoa. Mshauri haoni raha na karatasi, kwa kuwa hazigongeki.

Mwisho wa kazi hutolewa ripoti. Ripoti ya maana haisemi kwamba nyumba ni nzuri au mbaya. Husema ukuta wa mashariki una unyevu hadi usawa wa magoti, mbao tatu za kenchi zibadilishwe, soketi ya jikoni haina ethi. Kila mstari una gharama yake, na gharama hizo ndizo mnunuzi huziweka mezani bei inapozungumzwa, badala ya kusema "punguza kidogo, bosi". Kilichofunikwa hakimo humo, maana mkaguzi havunji vigae vya mwenye nyumba. Ripoti za Mshauri huwa za kurasa 30, na nyumba hutajwa kuanzia ukurasa wa 26.

Majibu sasa, upesi. Msomaji wa Tabata asitoe arubuni Ijumaa; mtu wa Dubai amekuwa akiichukua nyumba hiyo tangu Januari. Msomaji wa Kigamboni abandike kioo, na kwa nondo amwite mhandisi aliyesajiliwa, asilambe. Msomaji wa Mbagala amshukuru shemeji: gololi inayobingirika yenyewe huonyesha sakafu iliyoinama, lakini haionyeshi kwa nini. Ukurasa wake wa pili ulidondokewa na maji kutoka darini kwa Mshauri, ambaye nyumba yake aliinunua Agosti, kwa kuipenda. Kuna maswali mengine yaliyosalia, ila ndoo imejaa.