Barua kutoka Kampala: Kamera na Mwenye King'ora

Kwenu Mjomba, Shangazi na wote wa barazani Makorora, Tanga,

Huku hatujambo, ila masikio ndiyo yanayoumwa, na sababu yake mtaikuta mbele. Mliuliza kama ni kweli Uganda gari linapigwa faini na kompyuta bila trafiki kuinua mkono. Ni kweli, lakini maelezo yake ni marefu kuliko kikombe kimoja, basi mzuieni muuza kahawa. Mwanzoni mwa Juni 2025 serikali iliwasha mtambo wa kamera unaosoma namba za magari, unaopima mwendo na kuandika faini wenyewe. Kanuni za mwendo za 2024 zilikuwa zimeshashusha kikomo hadi kilomita 30 kwa saa kwenye maeneo yenye watu, kama vile shule, hospitali na masoko. Ukizidisha kwa kilomita zisizofika 30, faini ni shilingi 200,000. Ukipita hapo, 600,000. Laki mbili za huku ni karibu laki na nusu za kwetu, ilhali trafiki wetu mwenye tochi, aliyejibanza nyuma ya mwembe, anaandika 30,000 na bado tunamwona katili. Basi mji ukatambaa. Madereva walikodolea macho mshale wa mwendo badala ya barabara, faini zikarundikana kwenye mfumo, watu wakauliza vibao vya 30 viko wapi, na kabla wiki mbili hazijaisha Waziri wa Ujenzi na Uchukuzi, Jenerali Katumba Wamala, akausimamisha mtambo ili uangaliwe upya. Sehemu iliyonichekesha zaidi ni kikomo chenyewe. Saa kumi na mbili jioni, mtu anayeweza kufikisha kilomita 30 kwa saa katikati ya Kampala anastahili nishani.

Wengi walisema kosa lilikuwa pupa: vibao vingewekwa kwanza, watu wangefundishwa, mambo yangenyooka. Mimi naona ugonjwa ni wa zamani kuliko kamera. Teknolojia inayokabidhiwa kazi ya sheria huku inamkamata mtu kwa sababu amesajiliwa, wala haina haja sana na nani anayesumbua wenzake. Tazameni makutano ya Wandegeya saa mbili asubuhi. Gari dogo la mwalimu, bima imelipwa, namba inang'aa mbele na nyuma, limesimama kwenye taa nyekundu. Kushoto kwake boda zinapita juu ya njia ya waenda kwa miguu: moja imebeba kochi, nyingine watoto watatu wa shule na mabegi yao, na ya tatu namba yake imekunjwa ikatazama mbinguni kama inaomba dua. Kulia kwake taksi, ndilo jina la daladala huku, inapakia abiria pale pale katikati ya makutano na kondakta ananing'inia mlangoni. Halafu king'ora: pikapu ya askari, nyuma yake gari kubwa la vioo vyeusi, wote upande usio wao. Kamera inayaona yote hayo. Ila likija suala la kuandika faini, inaandika inachoweza kusoma, na anayesomeka vizuri kuliko wote ni mwalimu, siku atakapogusa kilomita 34 akimkimbilia mwanafunzi wa mtihani.

Msidhani nimeokota mfano mmoja nikaufanya kanuni. Rudini nyuma hadi tarehe 1 Julai 2018, siku Uganda ilipoanza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa anayetaka kufungua WhatsApp, Facebook au Twitter. Miezi michache kabla, mwezi Machi, Rais Museveni alikuwa amemwandikia Waziri wa Fedha kwamba umbeya wa mitandaoni una hasara zake na wanaoupiga wachangie gharama. Hoja yenyewe haikuwa ya kijinga kabisa. Shangazi atakubali kwamba kama umbeya ungelipiwa ushuru, Makorora peke yake ingejenga bandari. Lakini nani alilipa? Alilipa mtu mtiifu, mwenye laini iliyosajiliwa na asiyejua njia ya panya. Wengine walipakua VPN, ile programu inayoidanganya mitandao kwamba uko nchi nyingine, na mama muuza ndizi wa Nakasero akawa, kwa mujibu wa simu yake, mkazi wa Uholanzi. Mamlaka ya mapato ilitarajia shilingi bilioni 284 katika mwaka wa kwanza wa fedha. Ikapata kama bilioni 49.5. Kufikia Julai 2021 kodi hiyo ilikuwa imezikwa, ukaja ushuru wa asilimia 12 juu ya bando lenyewe, ambao hata mkazi wa Uholanzi hawezi kuukwepa. Facebook nayo ilifungwa Januari 2021, siku mbili kabla ya uchaguzi, baada ya kampuni hiyo kuondoa akaunti ilizozihusisha na kituo cha mawasiliano cha serikali. Uchaguzi ulipita, intaneti ikarudi, Facebook ikaachwa kifungoni, na watu wakaendelea kuingia kwa mlango wa nyuma. Aliyeikosa kweli kweli ni raia mnyoofu aliyetii.

Najua Mjomba anasubiri hapa aseme, "Hao ndio Waganda." Mjomba, punguza. Tozo za miamala ya simu za Julai 2021 zilipita mfukoni mwako, ukazilaani mpaka zikapunguzwa. Mwaka 2023 mamlaka yetu ya mawasiliano, TCRA, ilitutaka tujiandikishe kama tunatumia VPN kabla Oktoba haijaisha, kana kwamba mtu anayejificha atapanga foleni kutaja maficho yake. Na mtandao wa X tangu Mei 2025 mnaufikia kwa njia zilezile za mama wa Nakasero. Tuko daraja moja. Tofauti ni nani anakaa dirishani.

Sasa masikio. Nchi hii ilikuwa na sheria ya kulinda utulivu wa mtu, na ilikuwa ndani ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011. Kifungu cha 25 kilimfanya mhalifu mtu yeyote anayetumia mawasiliano ya kielektroniki kwa makusudi na kwa kurudia kuvuruga amani, utulivu au faragha ya mwenzake, na adhabu yake ilifika kifungo cha mwaka mmoja. Watu walishtakiwa kwacho kwa maandishi ya simu, yaani jambo ambalo unaweza kulinyamazisha kwa kugeuza simu kifudifudi. Mahakama ya Katiba ilikifuta kifungu hicho Januari 2023, na mimi niliifurahia hukumu hiyo. Ila fikirieni: muda wote huo, nje ya dirisha, kuna bizindaalo. Ni spika za bati zinazofungwa juu ya nguzo au mnara mitaani, na zinaanza kabla ya jua kuamka: mtoto amepotea, mazishi ni saa nane, dawa ya mgongo imepatikana, kuna punguzo la sabuni. Mkabala nazo kuna kanisa la mkesha, baa yenye subufa na msikiti wenye spika mpya. Kanuni za kelele zipo tangu 2003, zimepanga desibeli za mchana na za usiku, na mamlaka ya mazingira, NEMA, inaweza kuzitekeleza. Tume ya mawasiliano nayo imeshasema bizindaalo si halali. Bado zinalia. Mwandishi wa ujumbe unaosomwa na wenye kuutaka alifuatiliwa kwa namba yake ya simu; anayeamsha kata nzima saa kumi na moja alfajiri hana namba kwenye mfumo wowote, basi hakuna wa kutumiwa faini. Kumfikia kunataka afisa wa kupanda ngazi, akutane na mchungaji, mwenyekiti wa mtaa na mwenye baa ambaye ni shemeji wa mtu. Kompyuta haipandi ngazi.

Kuna pingamizi ambalo silipuuzi, nalo ni la makaburi. Ripoti ya polisi inasema watu zaidi ya 5,000 walikufa kwa ajali barabarani Uganda mwaka 2024. Mwendo unaua, na anayetetea haki ya kukimbia mbele ya shule sina undugu naye. Kikomo cha kilomita 30 karibu na watoto ni sawa. Mtembea kwa miguu anayegongwa kwa mwendo huo ana nafasi kubwa zaidi ya kubaki hai kuliko anayegongwa kwa 50. Lakini fungueni ripoti hizohizo muone wanaokufa ni akina nani. Wanaoongoza ni watembea kwa miguu na wenye pikipiki pamoja na abiria wao. Hao wanakufa pale ambapo hakuna njia ya miguu, pale boda inapopita kwenye upande usio wake, pale taksi inapomtema abiria katikati ya barabara. Kamera iliyomkazia macho mwalimu wa kilomita 34 inakusanya fedha karibu na tatizo, haijaligusa tatizo lenyewe. Niwekeeni kamera hizohizo, nitazipokea, mradi zianze na kinachoua.

Pingamizi la pili ndilo linalonipa taabu zaidi: mtambo hauli rushwa. Dereva yeyote wa Afrika Mashariki anajua uzito wa sentensi hiyo, na wapo Kampala walioshangilia kamera kwa sababu hiyo tu. Hawakukosea. Askari wa barabarani ana watoto, ana kodi ya nyumba na ana kiu ya chai; kamera haina. Ila rushwa haikufa, imehamia ghorofani. Zamani mapatano yalifanyika kando ya barabara, mbele ya macho ya watu. Sasa yanayoamua ni mambo yaliyopangwa kabla gari halijawashwa: kikomo kiwekwe wapi, kibao kisimame wapi, kampuni gani ipewe mkataba, gari la nani lisihesabiwe. Mkataba wa namba za magari za kidijitali ulitiwa saini Julai 2021 na kampuni ya Kirusi, na wananchi waligombania masharti yake kwa miaka kadhaa. Kabla ya hapo Uganda ilikuwa imeshanunua kamera za mitaani kutoka Huawei kwa dola milioni 126. Kwa hiyo jicho la serikali si bovu; swali ni linaelekezwa wapi. Na ukibishana na askari, angalau anaweza kuona mjamzito kwenye kiti cha nyuma.

Pingamizi la tatu ni la wavivu, lakini nalisikia mpaka barazani kwenu: watu wa huku wagumu, sheria haiwaingii. Kaveera, yaani mfuko wa plastiki, inatajwa kuwa ushahidi. Ilipigwa marufuku kwenye sheria ya fedha ya 2009, ikarudiwa kwenye Sheria ya Mazingira ya 2019 kwa ile iliyo chini ya mikroni 30, na leo ukinunua nyanya soko la Owino utapewa kaveera, na kaveera nyingine ya kuibebea ile ya kwanza. Kwetu Tanzania ilipofika tarehe 1 Juni 2019 mifuko iliondoka sokoni, na huko Kenya iliondoka 2017. Je, sisi ni wapole kuliko Waganda? Yeyote aliyepanda daladala ya Raskazone ajibu. Tofauti ni kwamba marufuku yetu ilimbana mwenye kiwanda, mwagizaji na mwenye duka kwa pamoja, haikumwachia mnunuzi mwenye kikapu abebe sheria peke yake. Huku viwanda viliendelea kusaga, na sheria ikaachwa kuning'inia juu ya kichwa cha muuza nyanya, ambaye naye hana namba.

Hasara kubwa ya mtindo huu wa kumkamata aliyesajiliwa ni somo linalofundishwa. Mtu akiona kujulikana ndilo kosa, anajifunza kutojulikana. Simu inahamia Uholanzi, namba ya pikipiki inapakwa tope, laini inasajiliwa kwa jina la binamu. Mwisho wake serikali inabaki na kamera nyingi na watu wachache wa kuwaona.

Mtaniuliza kama nataka turudi kwenye filimbi na daftari. Hapana. Teknolojia ilishafanya kazi nzuri mjini hapa, pale ilipoelekezwa juu, kwa wenye mamlaka. Aprili 2023 mchora katuni na mhadhiri Jimmy Spire Ssentongo aliwaalika watu wapige picha mashimo ya barabara za Kampala na kuyaweka mtandaoni kama maonyesho ya sanaa. Yalimiminika mashimo ya kila umri: yenye maji, yenye samaki wa kuchora, yenye migomba iliyopandwa katikati. Shimo halina simu, lakini lina mwenyewe, na mwenyewe alijulikana ni nani. Haikupita muda Rais akaagiza jiji lipewe shilingi bilioni 6 za haraka za kuziba. Hakuna aliyepigwa faini. Aibu ilitosha.

Kwa hiyo siku mtambo wa kamera utakapowashwa tena, nina ombi dogo, na si la kuhitaji sheria mpya wala mkopo. Namba za kidijitali zilipoanza kufungwa Novemba 2023, magari ya kwanza kuzipata yalikuwa ya serikali yenyewe. Maana yake hayo ndiyo yaliyozoeleka zaidi kwenye mfumo, tayari kusomwa, yakiwa na king'ora au bila. Waanze nayo kwa miezi sita, na kila Ijumaa watangaze orodha ya faini kwenye bizindaalo, maana hizo hatuwezi kuzizima. Mwalimu wa Wandegeya atasubiri zamu yake bila kinyongo, na nadhani hata boda atakunjua namba ili aone kama naye atatajwa.

Mlipeni muuza kahawa. Deni la kikombe cha Mjomba liandikwe kwangu. Shangazi, ule ujumbe wako wa sauti wa dakika kumi na moja umefika, na bando langu limekatwa asilimia 12.

Wenu wa Kampala