Elimu-Subira: Mhadhara wa Awali Kuhusu Goti la Paige Bueckers

Subira ya mchezaji wa mpira wa kikapu wa chuo kikuu ni hali ya kijana wa miaka ishirini na goti lililoshonwa, aliyekaa benchi akiwatazama wenzake wakikosa mipira ambayo yeye angeifunga akiwa amefumba jicho moja. Fani inayochunguza hali hiyo ni Elimu-Subira, ambayo hadi sasa ina mtaalamu mmoja tu duniani. Mtaalamu huyo alijitahini, akajifaulisha kwa alama za juu na kujitunuku uprofesa, baada ya kubainika kwamba hapakuwa na mwingine mwenye sifa za kumsahihisha. Hajawahi kurusha mpira ukaingia kikapuni, jambo linalomwepusha na upendeleo.

Kielelezo kikuu cha fani ni Paige Bueckers, aliyezaliwa Minnesota, Marekani, mwaka 2001, na kujiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut mwaka 2020 chini ya kocha Geno Auriemma. Mwaka 2021 alikuwa mwanafunzi wa kwanza wa mwaka wa kwanza kutunukiwa na shirika la habari la Associated Press tuzo ya mchezaji bora wa kike wa vyuo. Kuhusu kipindi hicho Elimu-Subira haina la kusema. Anayeshinda upesi hahitaji mtaalamu.

Fani inagawa subira katika madaraja matatu. La kwanza ni Subira Ndogo. Desemba 2021, katika mechi dhidi ya Notre Dame, Bueckers alivunjika sehemu ya juu ya mfupa wa muundi na kuchanika gegedu la goti la kushoto. Alifanyiwa upasuaji, akarejea mwishoni mwa Februari 2022, akafunga pointi 27 katika ushindi wa muda wa nyongeza mara mbili dhidi ya NC State, na kuifikisha timu fainali ya taifa ya vyuo, ambako South Carolina iliwafunga 64 kwa 49. Subira hii inaitwa ndogo kwa sababu ilianza na kwisha ndani ya msimu mmoja. Mwenye goti hakuombwa maoni kuhusu jina hilo.

Daraja la pili ni Subira Kubwa. Agosti 2022, katika mchezo wa kirafiki usio na kombe wala refa wa kulaumiwa, goti lilelile lilichanika ligamenti ambayo wanamichezo huiita ACL. Kazi ya ligamenti hiyo ni kuzuia mfupa wa muundi usiteleze mbele. Mara nyingi hukatika bila mchezaji kuguswa na mtu, anapotua baada ya kuruka au anapogeuka ghafla, na wanawake huumia hivyo zaidi kuliko wanaume wa michezo ileile. Daktari huchukua kipande cha kano kutoka mwilini mwa mgonjwa mwenyewe, aghalabu chini ya pia ya goti au nyuma ya paja, na kukipitisha katika matundu yaliyotobolewa mifupani.

Hapo ndipo ugumu wa fani ulipo. Katika miezi ya mwanzo kipande hicho hudhoofika kwanza, huku mwili ukikiotesha mishipa ya damu na kukijenga upya. Goti hunyamaza kabla halijapona. Mchezaji asiyesikia maumivu hujiona mzima, na hiyo ndiyo siku ya hatari kuliko zote. Utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba, hadi kufikia mwezi wa tisa, kila mwezi wa kuchelewa kurudi uwanjani ulipunguza uwezekano wa kuumia tena kwa takriban nusu. Mtaalamu aliupokea utafiti huo kwa masikitiko, kwa kuwa ulifanywa bila kibali chake. Hata hivyo, aliutumia kuthibitisha kwamba methali "subira huvuta heri" ina upungufu wa kitaalamu: haikutaja idadi ya miezi.

Ieleweke pia kwamba Subira Kubwa haikai kitini. Msuli wa mbele wa paja hunywea ndani ya wiki chache, na kuurudisha ni kazi ya kila siku: kunyoosha goti hadi mwisho, kuendesha baiskeli isiyokwenda popote, kuchuchumaa na vyuma begani, kuruka kwa mguu mmoja na kupimwa. Kipimo kinachotumika sana hudai mguu ulioumia ufikie angalau asilimia 90 ya nguvu za mwenzake. Bueckers alikosa msimu wote wa 2022–23.

Daraja la tatu ni Subira ya Hiari. Alirejea Novemba 2023. Angeweza kwenda WNBA, ligi ya kulipwa ya wanawake, mwaka uliofuata, lakini alitangaza kubaki chuoni mwaka mmoja zaidi. Msimu huo aliorejea, timu ilitolewa nusu fainali na Iowa, 71 kwa 69. Aprili 2025, katika fainali, waliifunga South Carolina 82 kwa 59 mjini Tampa, likawa taji la 12 la Connecticut na la kwanza tangu 2016. Mchezaji bora wa hatua ya mwisho ya mashindano hayo alikuwa Azzi Fudd, ambaye naye alikuwa ametoka kuuguza ligamenti ya goti. Siku nane baadaye Dallas Wings, timu ya WNBA, ilimchagua Bueckers kabla ya wachezaji wengine wote, na Agosti akafunga pointi 44 katika mechi moja.

Wanaodhani tamaa ya makuu ni adui wa subira wamekosea. Asiye na tamaa hana anachokisubiri, na asingekubali kurukaruka kwa mguu mmoja mbele ya mtu mwenye futi ya kupimia.

Hukumu ya fani ni hii: mchezaji arudi uwanjani mguu unapofaulu vipimo, si watazamaji wanapochoka kungoja. Mengine yote yanayosemwa kuhusu subira, ya mtaalamu yakiwemo, ni maneno ya watu wenye magoti mazima.