Zamu ya Ufagio Stuttgart

Mke wangu alipata kazi Stuttgart, nami niliyemfuata nikapata ufagio. Sikuwa na wasiwasi. Mjukuu wa bibi wa Tanga, aliyeamshwa alfajiri afagie uwanja kwa fagio la chelewa ndipo aende shule, atafundishwa nini na Mjerumani?

Jumapili moja jioni nikakuta kibao kinaning'inia kwenye kitasa cha mlango wetu. Kehrwoche, wiki ya kufagia. Kibao huzunguka mlango hadi mlango, na kikikufikia, ngazi ni zako, ukumbi wa chini ni wako, na njia ya mbele hadi barabarani. Theluji ikianguka siku ya kazi, iwe imeondolewa kabla ya saa moja asubuhi. Mambo haya ni ya kale: sheria ya mji ya mwaka 1492 ilishaagiza kila mtu atoe samadi yake nje ya mji kila wiki. Jiji lenyewe liliacha kuwalazimisha watu mwishoni mwa 1988, lakini mikataba ya wapangaji haikuacha, na bibi wa ghorofa ya chini sidhani kama taarifa ilimfikia.

Nilifagia Jumanne usiku, watoto wamelala, kimya kimya kama mtu mwenye adabu. Ngazi zikang'aa. Alhamisi bibi akanisimamisha, akauliza kwa huruma kama naumwa.

"Hapana bibi, mzima."

"Maana hujafagia."

Nikamwambia nimefagia. Akazitazama ngazi, akanitazama mimi, akasema hakuna aliyeniona.

Kumbe ufagiaji wa huku una mashahidi. Ni Jumamosi, saa nne asubuhi, ndoo igonge kila kipandio na salamu zisikike hadi juu. Usithubutu Jumapili, siku hiyo hata chupa hutupi kwenye kontena la vioo, mlio wake utakuletea maneno. Nadhani bibi huyu na bibi yangu wangepatana mno. Marehemu naye alikuwa akifika na fagio mpakani kwa jirani mvivu, ghafla kikohozi kinamshika.

Majani ya vuli ndiyo yaliyonitesa. Ukigeuka kuchukua ndoo, mti wa mbele umeshamwaga mengine. Mzee wa ghorofa ya tatu, daktari wa meno, akashuka na ndala zake, akaushika mti kwa mikono miwili, akautikisa mpaka ukaishiwa.

"Haya, sasa fagia."

Taka nitazipita haraka, maana kikombe cha mtindi peke yake kina kesi: mfuniko ubanduliwe kwanza, visitupwe vimeshikana.

Siku moja mama alipiga simu, akasikia maji.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Napiga deki ngazi."

"Za nani?"

"Za wote, mama."

"Na mkeo?"

"Yuko kazini."

Nikajitetea kwamba hata daktari wa meno hupiga deki wiki yake ikifika. Akauliza kama ni daktari wa kweli. Kisha akaniagiza nisimwambie baba, atamweleza mwenyewe kwa njia nzuri.

Akamweleza. Baba amewatangazia wazee wa barazani kuwa mwanawe ni msimamizi wa jengo la ghorofa Ujerumani, na binamu wawili wameshaniomba kazi.