Yah: Ombi la semina ya kuanguka kwa wazee wa Kidete

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Dodoma.

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi wazee wa Kidete, wilayani Kilosa, tunaishukuru Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliyotutambua kuanzia umri wa miaka 60, na mabango yanayosema mzee apishwe kwanza. Kweli tunapishwa. Hata mwenye kikohozi cha juzi huinuka: "Shikamoo babu, pita."

Taabu ipo kwa wanaoanguka. Tunaomba wataalamu waje watufundishe kuanguka kunakotambulika, maana wazee wetu wanaanguka kizembe mno. Kijana huanguka na pikipiki, damu chapachapa, mayowe, kila mtu anajua hiyo ni dharura. Bibi anateleza jikoni, anakaa chini kama anayetaka kuchambua mchele, anasema hajambo. Anapimwa presha: 105. Iko sawa. Asubiri kwenye benchi.

Wenzetu Marekani wameliona hili. Miongozo yao ya kuwapanga majeruhi humhesabu mwenye miaka 65 na zaidi kuwa hatarini namba ya juu ya presha ikiwa chini ya 110. Kijana husubiriwa ashuke chini ya 90. Bibi aliyezoea kutembea na 170, hiyo 105 ni kilio. Baadhi ya dawa za presha nazo huzuia moyo usiende mbio hata damu ikivuja ndani. Halafu kuna kichwa. Ubongo wa mzee umesinyaa kidogo, kwa hiyo ndani ya fuvu pana nafasi. Damu inajikusanya taratibu huku babu akiwasimulia vizuri tu mafuriko ya 2009 na 2010 yaliyobomoa reli yetu. Wiki mbili baadaye anamwita mjukuu kwa jina la marehemu kaka yake, na wote tunakubaliana: uzee huo.

Usafiri hatulalamiki. Treni ya umeme inapita hapa kwa kasi ifikayo kilomita 160 kwa saa, na inapendeza kweli kuitazama. Bibi aliyevunjika nyonga hupakiwa mshikaki kwenye bodaboda, mjukuu akimshikilia kwa nyuma. Mjamzito akipata dharura, ipo namba 115 ya kumtafutia gari, nasi tunaipenda mno namba hiyo. Ila tumeshindwa kubuni maelezo ambayo bibi wa miaka 78 angeyatoa huko bila kusema uongo.

Kama semina ni ghali, basi agizeni tu kila majeruhi aulizwe mlangoni umri wake, presha yake ya siku zote na dawa anazomeza. Wino tutachangishana.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Wazee wa Kidete (tuliobaki wima)

Nakala: Mwenyekiti wa Kijiji, kwa taarifa.
Kijiwe cha bodaboda, stesheni, kwa utekelezaji.