Ijumaa Niliyoifuta

Juzi kando ya ziwa, hapa Bweremana, mama mmoja alinipita na ndoo kichwani. "Habari, papa Hakuna." Hakutabasamu.

Jina hilo nimelipata kwa maneno matano. Mgeni wa msaada alisimama mbele ya wakimbizi akasema: "We cannot rule out Friday." Mimi mkalimani nilidaka "cannot", nikadaka "out", nikaona yatosha. Nikatangaza kwa sauti ya mchungaji: "Ijumaa hakuna mgao!" Watu wakatawanyika, wengine shambani, wengine Minova kuuza makaa. Vita vilikuwa vimefunga barabara ya Sake tangu mwezi wa pili wa 2024, na mizigo ilitufikia kwa maji. Ijumaa saa nne boti ikafika na unga, maharage na mafuta. Walioipokea ni wazee watatu, mbuzi, na mimi.

Usiku nilikaa na kamusi hadi simu ikazima. Kumbe "rule" ni ndugu wa "règle" yetu ya darasani, ile iliyotuchapa vidole. Yote mawili yametoka kwa "regula" ya Kilatini, kijiti cha kunyooshea mstari. Kijiti kikawa sheria, sheria ikawa uamuzi. Ongeza "out", na jambo limefukuzwa: halimo tena kati ya yanayoweza kutokea. Mfaransa husema "exclure". Mgeni wetu alitanguliza "cannot", basi aliyefukuzwa hafukuziki, amekaa kizingitini, si wa ndani si wa nje. Yaani Ijumaa, labda. Labda! Silabi mbili tu, na wala hatukuhitaji kijiti.

Daktari naye alisema wame-"rule out" kolera. Nikatafsiri: "Kolera imetoka." Uwanja ukabaki mtupu.

Lakini mbona lawama ni zangu peke yangu? Ukisema labda, watu watakuuliza labda ya nini. Kwa "cannot rule out" hudaiwi kitu: boti ikija ulisema, isipokuja ulisema. Mgeni jioni alirudi Goma. Mimi nalipwa kwa siku, nalala hapa hapa, na jetoni za mgao zisizotobolewa zinaletwa mlangoni kwangu.

Jana mama wa ndoo aliniuliza kama kesho kuna mgao.

"Mama, siwezi kusema hakuna."

Akatua ndoo. "Papa, hiyo ni ndiyo ama ni hapana?"